Mtakatifu Zélie Martin: Fundi wa Lesi Aliyefungiwa Mlango

 

Wapendwa vijana, wengi wetu tunamfahamu Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu. Picha yake akiwa ameshika msalaba na maua ya waridi ipo kwenye parokia nyingi, na jumuiya ndogondogo zinazoitwa kwa jina lake hazihesabiki. Leo tumwache kidogo Theresia, tumwangalie mama yake.

Mama huyu hakuwa sista. Alikuwa mke wa mtu, mama wa watoto tisa, mfanyabiashara mwenye wafanyakazi wake, na fundi wa lesi ya hali ya juu kabisa, ile iliyovaliwa na watu wa ikulu. Na kabla ya yote hayo, alikuwa binti aliyegonga mlango wa utawa akaambiwa hapana.

Kama umewahi kukataliwa mahali ulipoamini kabisa kwamba Mungu ndiye anakuita, twende pamoja mpaka mwisho.

Lesi ya wafalme

Kwanza tuielewe kazi yake, maana bila kuielewa kazi hatutamwelewa yeye.

Lesi tunayoiona leo kwenye shela la bibi harusi au kwenye pindo la alba ya padre, nyingi imetoka kwenye mashine. Zamani haikuwa hivyo. Lesi ya sindano ilitengenezwa kwa uzi na sindano tu, mshono juu ya mshono, mpaka uzi wenyewe unakuwa kitambaa. Katika karne ya 17 mabingwa wa kazi hiyo walikuwa mafundi wa Venice, Italia. Wakubwa wa Ufaransa waliipenda kupita kiasi. Wanaume kwa wanawake waliivaa shingoni na kwenye ncha za mikono, na wengine hata kwenye mabuti! Fedha za Ufaransa zikawa zinamiminika kwenda Venice.

Mfalme alikuwa Louis XIV, yule aliyejenga kasri kubwa la Versailles. Waziri wake, Jean-Baptiste Colbert, akaona hapana, fedha hizi zibaki nyumbani. Mwaka 1665 akaanzisha viwanda vya kifalme vya lesi katika miji kadhaa ya Ufaransa. Mmoja wao ni Alençon, mji wa Normandia.

Lakini pale Alençon wanawake walikuwa wameshaijua kazi. Mama mmoja aitwaye Marthe La Perrière alikuwa ameiga ufundi wa Venice miaka kadhaa kabla, akawafundisha na wengine. Kwa hiyo walipoambiwa kwamba sasa ni marufuku kutengeneza lesi kwa faida yao wenyewe, kwamba lazima waitumikie kampuni ya mfalme, walikuja juu, na mji ukawa na ghasia. Baadaye, mwaka 1675, kampuni ile ilipoteza haki yake ya kushika kazi peke yake, na ufundi ukabaki mikononi mwa akina mama wa Alençon, ukirithiwa kutoka mama kwenda kwa binti. Lesi yao ilisifiwa hadi ikaitwa malkia wa lesi.

Yalipokuja Mapinduzi ya mwaka 1789, soko lilianguka. Waliokuwa wakivaa lesi walikimbia nchi au walipoteza vichwa vyao. Napoleon wa Kwanza aliifufua kidogo, na enzi ya Napoleon wa Tatu na mkewe Eugénie ikaifufua zaidi. Mtoto wao wa kiume alipobatizwa mwaka 1856, gauni lake la ubatizo lilikuwa la lesi ya Alençon.

Shika picha hiyo ya gauni la ubatizo la mtoto wa ikulu. Tutakapofika kwa watoto wa fundi wetu, utaikumbuka.

Binti aliyeambiwa hapana

Zélie Guérin alizaliwa tarehe 23 Desemba 1831 huko Gandelain, kijijini, si mbali na Alençon. Baba yake alikuwa amepigana katika jeshi la Napoleon, kisha akawa askari wa usalama. Mama yake alikuwa mcha Mungu lakini mkali, siyo mtu wa kubembeleza. Zélie alikua bila kuwahi kuwa na mwanasesere hata mmoja, na alipokuwa mtu mzima aliukumbuka utoto wake kwa huzuni. Faraja yake ilikuwa dada yake mkubwa, Marie-Louise. Mwaka 1844 familia ilihamia Alençon.

Alipokuwa msichana, moyo wake ulikuwa mahali pamoja tu: awe Binti wa Upendo wa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, ahudumie wagonjwa katika hospitali ya mji. Akaenda kuomba. Mkuu wa nyumba akamsikiliza, kisha akamwambia waziwazi kwamba hayo siyo mapenzi ya Mungu kwake.

Basi. Mlango ukafungwa.

Kijana mwenzangu, tusipite haraka hapa. Tukijua mwisho wa hadithi ni rahisi kusema kwamba Mungu alikuwa na mpango. Yeye hakuujua mwisho. Alijua tu kwamba alichokitamani kilikuwa kitu kizuri, kitakatifu kabisa, na amenyimwa. Akarudi nyumbani kwa wazazi wasio na mali, akiwa hana mahari ya kuolewa wala kazi ya kumweka mjini.

Mambo mawili aliyafanya. La kwanza, alimwomba Mungu kwamba kama yeye hafai kuwa mtawa, basi amjalie ndoa na watoto wengi, na watoto hao wote wawe wa Mungu. La pili, alitafuta kazi. Alimkabidhi Bikira Maria shida hiyo, na tarehe 8 Desemba 1851, Sikukuu ya Mkingiwa Dhambi ya Asili, akiwa katika shughuli zake za kawaida, alisikia moyoni agizo moja fupi: atengeneze lesi ya Alençon.

Angalia vizuri. Hakuona maono wala malaika, na alichoambiwa hakikuwa jambo la kidini. Aliambiwa ashike sindano. Akajiongezea ujuzi katika shule ya lesi ya mjini, na mwishoni mwa mwaka 1853, akiwa ndiyo kwanza anatimiza miaka 22, akafungua biashara yake katika nyumba ya wazazi, mtaa wa Saint-Blaise. Dada yake akamsaidia, mpaka naye alipoondoka mwaka 1858 kuingia monasteri huko Le Mans. Mmoja alifunguliwa mlango, mwingine akabaki na uzi.

Kazi ya kuunganisha

Lesi ya Alençon haitengenezwi na mtu mmoja. Mchoro unawekwa kwenye ngozi laini na kutobolewa kwa sindano, tundu baada ya tundu. Fundi mmoja anafuata mstari wa mchoro kwa uzi. Mwingine anafuma wavu mwembamba wa nyuma, mwingine anajaza maua, mwingine anayapa mapambo na kuinua kingo zake. Kisha kwa wembe lesi inatenganishwa na ngozi ile, nyuzi zilizobaki zinaondolewa kimojakimoja, na sehemu zilizojazwa zinasuguliwa kwa gando la kambakoche mpaka zing'ae. Sentimita moja ya mraba inakula kama saa saba! Na kuijua kazi yote kunachukua miaka saba mpaka kumi.

Wanawake waliomfanyia kazi Zélie walikaa majumbani kwao, kila mmoja na hatua yake. Siku ya Alhamisi walileta vipande, wakapokea uzi na kazi mpya. Yeye ndiye aliyetafuta oda, akapanga na kukagua. Halafu akajiwekea sehemu iliyo ngumu kuliko zote: kurekebisha palipoharibika, na kuunganisha vipande vile kuwa kitu kimoja.

Ufundi wa kuunganisha una sheria moja: kiungo kisionekane. Mtu akiiona kazi yako, umekosea. Bibi mkubwa wa Paris angevaa lesi ile kwenye karamu, watu wote wangeisifu, wala hakuna ambaye angejua kwamba ilikuwa vipande vya wanawake kumi, achilia mbali jina la yule aliyeviunga kwa taa usiku.

Wala tusimpake rangi ya malaika. Katika barua zake, ambazo zaidi ya 200 zimehifadhiwa, analalamika kama sisi. Amechoka. Kichwa kinamuuma. Oda zikizidi anajiona kama mtumwa, zikipungua anawaza wafanyakazi wake watakula nini. Asubuhi alikwenda Misa ya alfajiri, mchana kutwa watoto na wateja, usiku sindano. Msichana wake wa kazi alipougua, alimuuguza mwenyewe kwa wiki tatu, kwa sababu aliamini kwamba anayekutumikia nyumbani hapaswi kutunzwa pungufu ya watoto wako.

Mwanamume wa darajani

Mwaka 1858, akipita kwenye daraja la Saint-Léonard, alipishana na kijana mtulivu. Moyo ukamwambia kwamba huyu ndiye. Alikuwa Louis Martin, fundi saa mwenye duka pale mjini. Kumbe naye alikuwa na mlango wake uliofungwa: alitaka kuwa mtawa katika monasteri ya Grand-Saint-Bernard, juu kwenye milima ya Alpi, wakamrudisha akajifunze Kilatini kwanza, na safari ikaishia hapo.

Wawili waliokataliwa. Miezi michache baadaye, usiku wa manane kuamkia tarehe 13 Julai 1858, walifunga ndoa katika kanisa la Mama Yetu, Alençon.

Louis alikuwa mtu wa kushika neno lake. Duka lake halikufunguliwa Jumapili, hata marafiki walipomwambia anapoteza wateja. Biashara ya mkewe ilipokua, alifanya jambo ambalo hata leo wanaume wengi lingewashinda: mwaka 1870 aliuza duka lake la saa akaingia kwenye kazi ya mke wake. Akawa anasafiri kwenda Paris kutafuta oda na kushika hesabu. Kwa hiyo dada zangu, na kaka zangu hasa, mnaosema utakatifu na pesa ya mke ni vitu viwili tofauti, mwangalieni huyu baba.

Mwaka 1870

Watoto tisa walizaliwa kati ya mwaka 1860 na 1873. Wanne hawakukua.

Joseph wa kwanza alifariki mwezi Februari 1867, akiwa na miezi mitano. Joseph wa pili alifariki mwezi Agosti 1868, akiwa na miezi minane. Mwezi Februari 1870 akaondoka Hélène, msichana wa miaka mitano, mkubwa wa kutosha kuongea na kucheka na mama yake. Mwezi Agosti mwaka huohuo alizaliwa Mélanie-Thérèse. Zélie hakuweza kumnyonyesha, akampa mama wa kunyonyesha, na mama yule hakumtunza. Mtoto alikufa tarehe 8 Oktoba kwa kukosa maziwa ya kutosha, akiwa na wiki saba tu.

Na hapo vita vilikuwa vimeshaanza. Jeshi la Prussia liliingia Ufaransa, Napoleon wa Tatu akaanguka, na ikulu ile iliyovaa lesi ikafutika kwa miezi michache. Paris haikuagiza tena. Mwanzoni mwa mwaka 1871 askari tisa wa adui waliwekwa kulala nyumbani kwa akina Martin. Kwa mwaka mmoja Zélie alizika mabinti wawili, akaona biashara yake imesimama, na akawa anawapikia wavamizi.

Sasa kumbuka lile gauni la ubatizo. Mikono ya Alençon iliyopamba watoto wa wakubwa ilikuwa inashona sanda za watoto wake yenyewe.

Watu wakamwambia, kwa nia njema labda, kwamba ingekuwa afadhali asingewazaa kabisa. Hilo hakulikubali hata kidogo. Aliamini watoto wake wapo, kwamba maisha ya hapa ni mafupi, na kwamba atawaona tena. Alilia, sana tu. Lakini alilia kama mtu anayesubiri, siyo kama mtu aliyepoteza kila kitu.

Mtoto wa tisa, Thérèse, alizaliwa tarehe 2 Januari 1873. Baada ya miezi miwili naye akawa anafifia. Zélie, peke yake, alitembea kwa miguu hadi kijiji cha Semallé kumwita mama mmoja mkulima, Rose Taillé, aje amnyonyeshe. Mtoto akapona. Lakini ilibidi akakae kule shambani zaidi ya mwaka mzima, mbali na mama aliyekuwa ameshazika wanne. Huyo ndiye Theresia wetu.

Kipande kigumu kuliko vyote

Kulikuwa na binti wa tatu, Léonie. Alikuwa mgonjwa-mgonjwa, mzito shuleni, mkaidi nyumbani. Shule ya masista ilimrudisha. Dada zake waling'aa, yeye akabaki pembeni. Zélie alimwombea, akajaribu upole, akajaribu ukali. Hakuna kilichofanya kazi.

Mwishoni mwa mwaka 1876, daktari alimweleza ukweli kuhusu uvimbe aliokuwa nao kwenye titi kwa miaka mingi. Ilikuwa saratani, na muda wa kupasua ulikuwa umepita. Miezi michache baadaye ukweli mwingine ukatoka: yule msichana wa kazi, ambaye Zélie alikuwa amemuuguza kwa mikono yake, alikuwa akimtawala Léonie kwa siri, kwa vitisho na kipigo, akimzuia hata kumkaribia mama yake. Miaka yote hiyo, ndani ya nyumba ya watakatifu wawili, na hawakuona!

Zélie alikuwa amebakiza miezi tu ya kuishi. Akaitumia kwa mtoto huyo. Akamweka karibu, akamsikiliza, akasali naye. Na Léonie, pole kwa pole, akaanza kufunguka. Mama aliyekuwa bingwa wa kurekebisha palipochanika na kuunganisha vipande, hiki ndicho kipande chake cha mwisho.

Mwezi Juni 1877 alikwenda kuhiji Lourdes na mabinti zake watatu wakubwa. Alizamishwa mara kadhaa katika maji yale. Hakupona. Alirudi amechoka kuliko alivyokwenda, na ndiye aliyewafariji mabinti zake. Aliendelea kwenda Misa hadi alipokuwa hawezi kugeuza shingo. Usiku wa tarehe 28 Agosti 1877 alifariki dunia, akiwa na miaka 45. Mtoto wake wa mwisho alikuwa na miaka minne na nusu.

Mlango mmoja, halafu mitano

Louis aliwachukua mabinti zake akahamia Lisieux, karibu na mjomba wao. Mwaka 1882 Pauline akaingia Karmeli. Mwaka 1886 akafuata Marie. Mwaka 1888, Thérèse, akiwa na miaka 15. Mwaka 1894, baba alipokwisha kufariki baada ya ugonjwa mrefu na wa kudhalilisha, akaingia Céline. Na Léonie? Alijaribu utawa mara tatu, mara tatu akarudi nyumbani. Mwaka 1899 alijaribu tena, katika monasteri ya Caen, shirika lilelile la mama yake mkubwa Marie-Louise. Safari hii alibaki, mpaka kifo chake mwaka 1941. Leo Kanisa linachunguza maisha yake ili naye atangazwe mwenyeheri.

Mlango mmoja alifungiwa Zélie. Mitano ikafunguliwa kwa mabinti zake, kama alivyoomba. Yeye mwenyewe hakuona hata mmoja. Alikufa wote watano wakiwa bado nyumbani.

Tarehe 18 Oktoba 2015, wakati maaskofu wamekutana Roma katika Sinodi kuhusu familia, Papa Francisko aliwatangaza Louis na Zélie kuwa watakatifu, mume na mke, kwa pamoja. Sikukuu yao ni tarehe 12 Julai. Na ile lesi? Mwaka 2010, UNESCO iliuingiza ufundi wa Alençon katika orodha ya urithi wa binadamu, na kikao chenyewe kilifanyika hapa kwetu Afrika Mashariki, Nairobi. Wafalme waliovaa wamepita. Kazi ya mikono ya akina mama imebaki.

Tujiulize

Ndugu yangu, labda seminari imekurudisha. Labda shirika limekwambia siyo wewe. Labda chuo ulichokiomba hakijakuchagua, au uchumba uliosali kwa ajili yake umevunjika. Kulia ni ruhusa, Zélie alilia. Lakini baada ya kulia, Mungu amekuwekea nini mkononi? Inawezekana ni kitu kidogo kama sindano, tena hakina harufu ya kanisani hata kidogo. Kishike vizuri. Kifanye kwa uaminifu, hata kama hakuna atakayejua ni wewe uliyeunganisha.

Na nyumbani kwenu, nani ni Léonie? Nani amechoka kusemwa, amebaki pembeni? Wiki hii mtafute.

Tusali

Ee Mungu Baba yetu, uliyemtakatifuza Zélie katika ndoa, katika kazi na katika misiba, utujalie sisi vijana kupokea hapana yako bila kukata tamaa, na kuifanya kazi ya leo kwa upendo hata isipoonekana. Uwabariki mama zetu wanaokesha wakifanya kazi kwa ajili yetu. Uwafariji waliozika watoto. Tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Watakatifu Louis na Zélie Martin, mtuombee.